Katibu wa Kundi la Nne

Kwa miaka miwili ya sekondari niliingia maabara ya Fizikia wiki baada ya wiki, na sikuwahi kuwasha balbu hata moja.

Tulikuwa watano katika kundi letu, wavulana watatu na wasichana wawili. Juu ya meza ya mbao iliyochubuka palikuwa na betri mbili za tochi, vipande vya waya, balbu ndogo na ameta, ambayo mwalimu aliifungia kabatini kila kipindi kilipokwisha. Siku ya kwanza alipita mezani petu, akainamia daftari langu, akasema: "Wewe una mwandiko mzuri. Utakuwa katibu wa Kundi la Nne." Nilifurahi sana. Nilikuwa na miaka 14, na mwalimu wa Fizikia alikuwa amenisifu mbele ya wavulana. Tangu siku hiyo kazi yangu ikawa kuchora jedwali kwa rula, kusubiri mwenzangu aunganishe waya na kusoma mshale wa ameta, anitajie namba, niiandike. Jedwali langu lilikuwa safi. Kundi letu lilipata alama nzuri. Msichana mwenzangu yeye alifuta meza na kuosha vyombo.

Januari 1995, tulipoingia kidato cha tatu, mwalimu wa taaluma alikuja darasani na orodha mkononi. Wanaoendelea na Fizikia na Kemia wahamie upande wa madirishani, wa masomo ya sanaa wabaki walipo. Nilibaki nilipokaa. Alama zangu za Fizikia zilikuwa zinatosha kabisa kunihamisha. Hakuna aliyenikataza, na hakuna aliyeniuliza kwa nini sisimami. Nilibaki kwa sababu miaka miwili ya maabara ilikuwa imeshanifundisha kwamba Fizikia ni kazi ya mikono ya wengine.

Nimeishi vizuri na kalamu yangu na sina kinyongo nayo. Ningeendelea kuiona ile kama habari ya zamani kama binti wa kaka yangu, anayesoma shule ya kata mkoani Morogoro, asingenipigia simu Januari hii.

"Shangazi, shikamoo."

"Marahaba, mwanangu. Hujambo?"

Hakuzunguka. Matokeo ya kidato cha pili yametoka, amefaulu, sasa wanatakiwa wachague masomo ya kuendelea nayo. Rafiki zake wanaacha Fizikia. Mama yake amesema achague analoliweza. Baba yake amesema fomu atasaini, lakini uamuzi ni wa binti mwenyewe. Yeye ameona anipigie mimi kwa sababu mimi "nimesoma". Nilimwuliza anapenda nini, akasema hajui. Nikamwuliza swali ambalo mimi sikuulizwa: "Mkiwa maabara, wewe hufanya nini?"

Alinyamaza kidogo. "Naandika, Shangazi. Wanasema nina mwandiko mzuri."

Simu ile ndiyo iliyonikalisha chini kuandika makala haya. Imepita zaidi ya miaka 30. Shule za sekondari zimeongezeka mara nyingi, zipo karibu kila kata, na kila mwaka tarehe 11 Februari dunia huadhimisha Siku ya Kimataifa ya Wanawake na Wasichana katika Sayansi, iliyopitishwa na Umoja wa Mataifa mwaka 2015. Siku hiyo tunasikia hotuba, tunaona fulana na mabango yenye picha za wasichana waliovaa makoti meupe. Kisha Januari inarudi, na darasani mtoto anabaki amekaa wakati wengine wanahamia madirishani.

Kwa wasomaji waliosahau utaratibu: mwanafunzi wa Tanzania Bara anayesoma mtaala wa zamani haruhusiwi kuacha Hisabati wala Baiolojia mpaka amalize kidato cha nne. Yanayoachika ni Fizikia na Kemia, na huachwa pale anapoingia kidato cha tatu. Akiyaacha hayo mawili, kidato cha tano hawezi kusoma tahasusi, yaani michepuo, zenye Fizikia: PCM, PCB wala PGM. Asipopita huko, uhandisi, udaktari, ufamasia na fani nyingine nyingi za teknolojia ameziaga. Serikali ilitangaza Machi 2024 kwamba tahasusi za kidato cha tano zitaongezeka hadi 65, na mtaala ulioboreshwa umekuwa ukiingia kwa awamu tangu Januari mwaka huo huo. Hata hivyo, tahasusi ziwe 65 au 16, mtoto aliyeaga Fizikia akiwa na miaka 15 hukuta zile zinazodai Fizikia hazimhusu tena. Uamuzi mkubwa namna hiyo hufanywa katika dakika chache, mara nyingi kwa kutazama rafiki amekaa upande gani.

Wengi tukizungumzia wasichana na sayansi huanza na uwezo. "Wasichana mnaweza!" tunawaambia kwa sauti kubwa, kana kwamba wao ndio wenye shaka. Mimi naona tunakosea pa kuanzia. Msichana akiacha sayansi, huwa ameiacha siku fulani, katika chumba fulani, mbele ya watu wazima waliokuwapo na wakanyamaza. Tukitaka kumsaidia, tuitafute siku hiyo na tufike kabla yake.

Angalia Hisabati. Mwaka 2022, katika kila watahiniwa 100 wa kidato cha nne waliofanya mtihani wa Hisabati, waliofaulu walikuwa takriban 20 tu. Hilo ni anguko la wavulana na wasichana kwa pamoja, na linatokana na mengi: uhaba wa walimu, madarasa yaliyofurika, misingi dhaifu tangu darasa la tatu. Ila sikiliza tunavyowafariji watoto wetu matokeo yakitoka. Wa kiume akipata F tunamwambia hakusoma, akaze buti. Wa kike akipata F hiyo hiyo tunamwambia kwa upole kabisa, "Usijali mwanangu, namba si za kila mtu." Upole huo ni sumu. Wa kwanza tumemwambia tatizo ni juhudi, nayo inaongezeka. Wa pili tumemwambia tatizo ni yeye.

Wakati mwingine swali moja tu hutosha kumfungulia msichana mlango. Wangari Maathai, aliyezaliwa mwaka 1940 katika kijiji cha Ihithe, Nyeri, nchini Kenya, alikuwa mtoto wa kuteka maji na kuokota kuni kama wasichana wenzake. Amesimulia jinsi alivyokuwa akichezea mayai ya chura kijitoni, akiyaona kama shanga na kutamani kujivisha shingoni, na jinsi viluwiluwi vilivyomshangaza. Hakuwa shuleni. Kaka zake walikuwa wanasoma. Siku moja kaka yake Nderitu alimwuliza mama yao kwa nini Wangari haendi shule kama wao. Mama akafikiri, akaona hakuna sababu yoyote. Wangari akapelekwa shule.

Mama yule hakuwa adui wa elimu ya binti yake, na hapakuwa na kizuizi kingine zaidi ya mazoea. Swali la mtoto wa kiume liliyavunja. Mwaka 1971 Wangari alipata shahada ya udaktari wa falsafa katika Chuo Kikuu cha Nairobi, mwanamke wa kwanza Afrika Mashariki na Kati kufika hapo, akiwa amebobea katika anatomia ya mifugo. Hata katikati ya safari hiyo alikwama. Mwaka 1966 aliporudi kutoka Marekani na barua ya kazi mkononi, chuoni aliambiwa nafasi yake amepewa mtu mwingine. Profesa mmoja Mjerumani, Reinhold Hofmann, ndiye aliyempokea katika idara yake. Dunia inamkumbuka kwa miti na kwa Tuzo ya Nobel ya Amani ya mwaka 2004. Mimi ninapomtaja kwa wasichana huanza na Nderitu, kwa sababu kila nyumba ina Nderitu wake anayeweza kuuliza.

Hapa kwetu Tanzania tunaye Profesa Verdiana Masanja, mzaliwa wa Bukoba, Mtanzania wa kwanza mwanamke kupata shahada ya udaktari katika hisabati. Aliipata Ujerumani, katika Chuo Kikuu cha Ufundi cha Berlin, kisha akafundisha miaka mingi Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na baadaye Rwanda. Nasikitika kwamba jina lake halijulikani mitaani. Waulize vijana kumi wanaosubiri daladala majina ya wachezaji wa Simba na Yanga, watakutajia kikosi kizima pamoja na walioko benchi. Masanja hawamjui. Utafiti wake ulihusu mwendo wa vimiminika ndani ya bomba, hasa vile visivyotiririka kama maji.

Vimiminika visivyotiririka kama maji! Niliposoma hivyo kwa mara ya kwanza niliwaza jiko la mama yangu. Uji mzito ukiukoroga hulegea, ukiuacha utulie hukaza. Maji hayafanyi hivyo, ukoroge usikoroge. Msichana anayepika uji wa wadogo zake kila alfajiri ameyaona hayo kwa macho yake na kuyahisi kwenye mwiko, zaidi ya mvulana ambaye uji humfikia ukiwa kikombeni. Anajua kwamba sufuria likifunikwa maji huwahi kuchemka. Anajua kwamba maharage yakilowekwa usiku hayali mkaa mwingi. Huyu mtoto anaishi katikati ya sayansi, na bado akifika darasani tunamwambia sayansi ni kitu kigeni ambacho inabidi ajikaze kukizoea. Sisemi abaki jikoni. Nasema mwalimu anayeanza na mwiko wa uji atampata mwanafunzi ambaye mwalimu anayeanza na kanuni ubaoni amemkosa.

Na jiko hilo hilo ndilo linalokula muda wake. Saa kumi na mbili jioni msichana wa shule ya kutwa amefika nyumbani baada ya kutembea kilomita kadhaa. Njiani amewakwepa waendesha bodaboda wanaotoa lifti ya bure ambayo si ya bure. Anaingia jikoni, kaka yake anakaa na daftari. Hisabati haisomwi usiku wa manane na mtu aliyechoka. Inataka kurudia, kukosea, kufuta, kuanza upya. Nimewahi kumsikia mzazi akilalamika kwamba binti yake hana kichwa cha hesabu. Nilipomwuliza binti huwa anafanya hesabu saa ngapi, hakuwa na jibu. Tungegawana sufuria nyumbani, na wavulana waoshe vyombo siku tatu kwa wiki, tungekuwa tumefanya zaidi ya kongamano lolote.

Kuna kikwazo kingine ambacho wenye watoto katika shule za Kiingereza tangu chekechea hawakioni vizuri. Mtoto wa shule ya msingi ya serikali hujifunza sayansi kwa Kiswahili. Anajua nyenzo ina egemeo, jitihada na mzigo, na kwamba toroli ni nyenzo daraja la pili. Anajua usanisinuru hufanyika kwenye majani, na kwamba msuguano ndio unaomwezesha kutembea bila kuteleza. Januari anaingia kidato cha kwanza, na maneno yote hayo yanafutwa. Kila anachokijua kina jina jipya la Kiingereza, na mtihani hautamwuliza kwa jina la zamani. Ukimya unaofuata darasani walimu huuita uzito wa kuelewa.

Ukimya huo humwangukia kila mtoto, lakini wasichana huwaangukia kwa njia yao. Mvulana akijaribu sentensi ya Kiingereza ikavunjika, darasa litacheka naye atacheka nalo. Msichana tumemlea tangu utotoni aone aibu, asikosee hadharani, aongee akiwa na hakika. Kujifunza sayansi kwa lugha ya kuazima kunadai akosee hadharani kila siku. Basi anachagua kunyamaza, na kuandika vizuri.

Dawa ya ukimya huo ilishabuniwa hapa hapa, na ilipewa jina la Kiswahili. Mwaka 1996, katika Idara ya Sanaa za Maonyesho ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ulianzishwa mradi ulioitwa Tuseme. Miongoni mwa waasisi wake alikuwa Profesa Penina Mlama, ambaye wapenzi wa tamthiliya wanamfahamu zaidi kwa jina la Penina Muhando, mwandishi wa "Hatia". Wasichana wa sekondari walikaa pamoja wakataja wenyewe yanayowakwamisha katika masomo, wakayachambua, wakayatungia mchezo, wakauigiza mbele ya walimu, wazazi na wanafunzi wenzao. Mchezo ulipokwisha mjadala ulianza. Mwalimu aliyeigizwa alikuwa amekaa pale pale, akijiona.

Fikiria ujasiri wa jambo hilo. Msichana ambaye hawezi kunyoosha mkono kumwambia mwalimu, "Katika kundi letu mimi sigusi vifaa," anaweza kuliigiza hilo, wenzake wakacheka kwa kutambua, na mwalimu akaelewa bila kutukanwa. Sanaa inasema lile ambalo adabu imelizuia. Shirika la elimu ya wasichana la FAWE, lililoanzishwa mwaka 1992 na makao yake yakiwa Nairobi, liliuchukua mradi wa Tuseme na kuupeleka katika nchi nyingine za Afrika, ukiwa na jina lile lile la Kiswahili. Profesa Mlama mwenyewe aliliongoza shirika hilo. Nimeirefusha habari hii kwa sababu tunapenda kuagiza dawa kutoka mbali wakati ya kwetu ipo kabatini. Kama shule ya mtoto wako ina klabu ya Tuseme iliyolala, iamsheni. Kama haina, mwalimu mmoja wa Kiswahili mwenye moyo anaweza kuianzisha bila bajeti.

Sitaki kuwadhulumu waliofanya kazi kubwa. Mwaka 2012 Rais Jakaya Kikwete aliagiza kila sekondari ya kata ijengewe maabara tatu, za Fizikia, Kemia na Baiolojia, na wananchi walichangishwa mpaka kuku. Majengo mengi yalisimama, ingawa vifaa na walimu havikwenda kwa kasi ya matofali. Mradi wa kuboresha elimu ya sekondari, SEQUIP, ulilenga kujenga shule 26 za wasichana za sayansi, moja kwa kila mkoa wa Tanzania Bara. Tangu mwaka wa masomo 2022/23 upo ufadhili wa masomo wenye jina la Rais Samia kwa wanaofanya vizuri zaidi katika sayansi kidato cha sita. Novemba 2021 Serikali iliwafungulia tena milango ya shule wasichana waliokatiza masomo kwa ujauzito. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kiliwahi kuwaita wasichana waliokosa alama chache za kujiunga na uhandisi, kikawapa mafunzo ya awali kisha kikawapima upya. Majirani zetu Uganda tangu mwaka 1990 huwaongezea wasichana alama 1.5 wanapoomba vyuo vikuu vya umma.

Naunga mkono hayo yote. Lakini tazama yanamkuta msichana akiwa wapi. Ufadhili humkuta amemaliza kidato cha sita. Alama za nyongeza humkuta mlangoni mwa chuo. Shule 26 huchukua wachache waliochaguliwa. Mtoto wa kaka yangu yuko kidato cha tatu katika shule ya kata, na kwake mambo yote hayo yako ng'ambo ya mto ambao hajauvuka. Fedha nyingi tumeziweka ukingo wa pili kuwasubiri wanaofika. Wanaozama katikati ya mto hatuwahesabu.

Wakati mwingine tunawazamisha kwa mambo madogo yenye aibu kuyataja gazetini, nami nitayataja. Mwaka 2018 kodi ya ongezeko la thamani iliondolewa kwenye taulo za kike. Mwaka 2019 ikarudishwa, kwa maelezo kwamba bei haikushuka madukani. Msichana asiye na taulo hukosa siku kadhaa za shule kila mwezi. Historia unaweza kuazima daftari ukanakili. Somo la milinganyo likikupita siku tatu, la siku ya nne linakuwa Kichina.

Lakini wapo walioyakabili mambo ya aibu kwa sayansi yenyewe. Kisumu, Kenya, mwaka 2017, wasichana watano wa sekondari ya Kisumu Girls walitengeneza programu ya simu waliyoiita i-Cut. Msichana aliye katika hatari ya kukeketwa huibonyeza kuomba msaada, na aliyekwisha kukeketwa huelekezwa mahali pa kupata tiba na ushauri. Walifika fainali za mashindano ya Technovation huko California, na mwaka 2019 walikuwa miongoni mwa walioteuliwa hatua ya mwisho ya Tuzo ya Sakharov ya Bunge la Ulaya. Jamii yao wenyewe haikeketi. Walianza kwa sababu ya mwenzao wa shuleni aliyekeketwa na masomo yake yakaishia hapo.

Nimeirudia habari yao mara kadhaa nikijiuliza kwa nini inanigusa kuliko hotuba. Nadhani ni kwa sababu wale mabinti hawakuambiwa wajifunze kompyuta ili wapate kazi nzuri siku za usoni. Walikuwa na rafiki waliyempoteza, na kompyuta ikawa chombo cha kumtafutia haki. Wasichana wengi ninaozungumza nao hawavutwi na somo lisilo na mtu ndani yake. Ukimwambia Kemia inapima floridi katika maji ya Arusha, ile inayotia meno ya wadogo zake madoa ya kahawia, ataketi mbele. Ukimwambia akariri jedwali la elementi, ataketi nyuma na mwandiko wake mzuri.

Halafu awaone wanawake wenyewe, tena wakiwa kazini. Kwa miaka mingi Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania iliongozwa na Dkt. Agnes Kijazi, aliyechaguliwa mwaka 2019 kuwa Makamu wa Tatu wa Rais wa Shirika la Hali ya Hewa Duniani. Mvuvi wa Pangani aliyeahirisha safari ya baharini kwa sababu ya tahadhari ya upepo mkali wakati huo alikuwa anaitii taasisi iliyoongozwa na mwanasayansi mwanamke, ajue asijue. Msichana wa Pangani naye alistahili kujua. UNESCO inasema wanawake ni theluthi moja tu ya watafiti wote duniani. Kwa hiyo wachache tulionao tusiwahifadhi kwa sherehe za Februari. Mhandisi wa maji wa wilaya, mtaalamu wa maabara wa hospitali, fundi umeme wa kike aliyepanda nguzo mtaani, kila mmoja wao angetoa saa moja kwa mwaka kwenda kidato cha pili, si cha sita, tena mwezi Oktoba au Novemba, kabla ya ile Januari.

Kwa walimu wa sayansi nina ombi moja tu, na halihitaji waraka wa wizara. Katibu wa kundi abadilike kila wiki. Wiki hii mvulana aandike, msichana aunganishe waya. Wiki ijayo wabadilishane. Asiwepo mtoto anayemaliza kidato cha pili bila kuunguza kidole kwa kibiriti cha maabara.

Jumamosi iliyopita nilipanda basi kwenda Morogoro. Kariakoo nilikuwa nimenunua betri nne, balbu tatu ndogo na mita mbili za waya mwekundu, vyote kwa bei isiyofika ya soda kwa watu wote wa nyumba ile. Kaka yangu alikuwa barazani, fomu ya shule imekunjwa katika mfuko wa shati lake. Nilimwomba asisaini kwanza.

Tulikaa mkekani. Nilimpa kalamu mdogo wake wa kiume nikamwambia leo katibu ni wewe, naye akanung'unika, akachora jedwali lililopinda. Binti akashika waya. Mara ya kwanza balbu haikuwaka. Alitazama, akageuza betri moja, ikawaka, na mama yake aliyekuwa anachambua mchele akainua kichwa. Akaongeza balbu ya pili kwenye njia ile ile ya waya. Zote mbili zikawaka kwa mwanga hafifu, kama mshumaa unaokaribia kuisha.

"Shangazi, mbona zimefifia? Betri ni zile zile."

Nilianza kujibu, nikakuta sina jibu. Hapo ndipo nilipokuwa nimeachia, Januari 1995.

"Sijui," nilimwambia.

Alikuwa ameshaacha kunisikiliza. Alikuwa amechomoa waya wa balbu ya pili na anaupeleka moja kwa moja kwenye betri, ajaribu njia nyingine, huku akimwambia mdogo wake asiandike kitu kwanza.